Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali: mashine kuwaka si kupona

Kwa waganga wafawidhi, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa idara za afya na yeyote ambaye saini yake ndiyo hutoa fedha za matengenezo,

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kazi yangu ni kufungua mashine ambazo ninyi mnaziona zikiwa zimefungwa: monita za wodini, pampu za dawa, mashine za kushtua moyo, mashine za usingizi, konsentreta za oksijeni (zile zinazochuja oksijeni kutoka hewani). Siandiki kuomba mshahara wala cheo. Naomba jambo moja, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu kwa kifupi nimeliomba miaka mingi bila kusikilizwa. Kifaa chochote kilichofunguliwa kisirudi kwa mgonjwa mpaka kipimwe usalama wake na utendaji wake, matokeo yaandikwe, na aliyepima atie saini. Huyo anayepima awe na mamlaka ya kusema hapana, na hapana yake iheshimiwe na kila mtu, kuanzia wodini hadi ofisini kwenu.

Nianze na monita moja. Ililetwa karakana kutoka chumba cha wagonjwa mahututi ikiwa imebandikwa karatasi yenye maneno matatu: "Haiwaki. Tafadhali haraka." Tatizo lilikuwa fyuzi. Tukaibadilisha, monita ikawaka, ikachora mapigo ya moyo vizuri, na ndani ya nusu saa ilikuwa imerudi wodini. Tukashukuriwa. Wiki iliyofuata muuguzi mmoja akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akasema, "Fundi, ile monita yenu inanitekenya." Alikuwa ameshika gamba lake kwa mkono mmoja na reli ya kitanda kwa mkono wa pili, akahisi kama sisimizi wanamtembea viganjani.

Tulipofungua plagi tulikuta waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatika pale unapobanwa na skrubu. Ncha za nyuzi zake za shaba zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Waya uliokatika jana huwa bado unang'aa. Huu ulikatika zamani. Ulikuwa umekatika hata siku ile tulipobadilisha fyuzi. Hakuna aliyeupima, kwa sababu monita ilikuwa imeshawaka, na kuwaka ndiko tulikoombwa.

Naomba mtulie hapa kidogo, maana ndipo lilipo kosa ambalo hospitali nyingi hazilioni. Muuguzi yule alitekenywa, akaachia, akaja kutuambia. Mgonjwa aliyelala kwenye kitanda kile hana uwezo huo. Kwanza amelazwa usingizi wa dawa. Pili, kinga kubwa ya binadamu dhidi ya umeme ni ngozi yake ikiwa kavu, na sisi hospitalini ndio tunaoivuka hiyo kinga: tunapaka jeli kifuani, tunabandika elektrodi, tunapitisha mrija kwenye mshipa mkuu hadi karibu na moyo na kuujaza maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme vizuri. Kwa mtu mzima aliyeshika waya kwa mikono, ni mkondo wa makumi ya miliampia ndio unaotishia kuvuruga mapigo ya moyo. Mkondo ukifika moja kwa moja kwenye msuli wa moyo, mikroampia 100 hivi zinaweza kutosha (miliampia moja ni mikroampia 1,000). Hizo hata ukizigusa kwa kidole huzisikii. Vidole vya mtu huanza kusikia umeme unapofika nusu miliampia au zaidi. Kwa hiyo muuguzi yule alipohisi sisimizi, tayari kilichokuwa kikimpitia ni kama mara tano ya kile kinachoweza kusimamisha moyo wa mgonjwa mwenye mrija.

Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha usalama wa umeme katika vifaa tiba, IEC 60601-1, kinabana sana. Kifaa cha aina ya CF, kile chenye alama ya moyo ndani ya kisanduku, kinaruhusiwa kupitisha kwa mgonjwa mikroampia 10 tu kikiwa kizima, na 50 pale hitilafu moja inapotokea. Kipo na kiwango kingine, IEC 62353, kilichotungwa mahususi kwa ajili ya upimaji wa mara kwa mara na upimaji baada ya matengenezo. Kati ya mambo yake ni kwamba kifaa chenye waya wa umeme wa kuchomoa kisizidi ukinzani wa omu 0.3 kutoka pini ya ethi hadi kwenye gamba la chuma. Kama siku ile tungeweka kipimo kwenye monita yetu, omu 0.3 zisingeonekana kabisa. Kusingekuwa na njia yoyote ya umeme kupita hadi ethi.

Fundi aliyezoea, mwenye kifaa cha kupimia, hahitaji zaidi ya robo saa kwa kazi hiyo. Robo saa hiyo ndiyo ninayowaomba.

Kuna watakaosema hii ni hofu ya fundi na waya zake. Basi tutazame mambo makubwa yaliyokwisha kutokea na kuchunguzwa.

Desemba 1990, mjini Zaragoza, Uhispania, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliharibika. Fundi wa matengenezo kutoka nje ya hospitali akaja, akahangaika nayo, mwishowe mionzi ikatoka tena. Wagonjwa wakaanza kuingia. Wanafizikia wa hospitali, ambao kazi yao ni kuipima mionzi kabla haijamfikia mtu, hawakuarifiwa kwamba mashine imefunguliwa. Kwenye paneli kulikuwa na kionyeshi cha nishati, na hata mwendeshaji achague nishati gani, chenyewe kilibaki palepale kwenye 36. Waliokuwa pale wakaamini kwamba kimekwama. Hakikuwa kimekwama. Kwa siku kama kumi, wagonjwa 27 walipigwa elektroni zenye nishati kubwa mno kuliko walizoandikiwa, na wengi wao walifariki.

Nikisoma habari ile huwa simfikirii yule fundi kama mtu mwovu. Namfahamu. Ni mimi kwenye ile monita. Aliitwa kwa sababu mionzi haitoki, akaondoka mionzi inatoka. Kilichokosekana ni mlango wa pili, yaani mtu mwenye kipimo mkononi ambaye bila saini yake hakuna mgonjwa anayeingia chumbani. Mlango huo haujengwi na fundi. Unajengwa na utawala, kwa amri iliyoandikwa.

Na kuna hatari iliyo karibu na hiyo: kifaa kinacholalamikiwa, fundi akikitazama hakioni ubaya. Mjini Tyler, Texas, Machi 21, 1986, mgonjwa alipigwa dozi ya kutisha na mashine ya mionzi iitwayo Therac-25. Ikasimamishwa. Wahandisi wakajaribu kuirudisha ile hitilafu ionekane, wasiweze. Ikadhaniwa huenda mgonjwa alipigwa shoti ya umeme, ethi ikakaguliwa, ikaonekana haina kasoro. Aprili 7 mashine ikarudishwa kazini. Aprili 11 ikampiga mgonjwa wa pili. Wote wawili walifariki baadaye. Aliyelipata kosa lenyewe ni mwanafizikia wa hospitali, akikaa na mwendesha mashine aliyekuwapo, wakirudia kubonyeza vitufe vilevile kwa kasi ileile mpaka kosa likajitokeza mbele ya macho yao. Lilikuwa ndani ya programu, na lilitokea pale tu mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maandishi kwenye skrini kwa haraka.

Kwenye madaftari yetu ya karakana kuna sentensi ninayoiogopa kuliko zote: "Imekaguliwa, haina tatizo, imerudishwa." Muuguzi amesema pampu ilimimina dawa kwa kasi. Fundi ameiwasha mezani, imekwenda sawa kwa dakika kumi, ameandika sentensi ile. Ninyi mkiona maandishi hayo, tafadhali ulizeni kama fundi alizungumza na aliyekuwa zamu. Pampu ilikuwa na dawa gani, sindano au mrija wa aina gani, betri au umeme wa ukutani, mlio gani ulisikika na ulizimwa na nani? Kifaa kilichohusika kwenye tukio la kumdhuru mgonjwa kiwekwe kando kama kilivyo, kisifutwe kumbukumbu zake, kisirudi mpaka chanzo kijulikane au mtu mwenye mamlaka aandike kwa jina lake kwa nini anakirudisha.

Kupima usalama wa umeme peke yake hakutoshi, na hili nalisema hata kwa mafundi wenzangu. Konsentreta ya oksijeni inaweza kuwaka, ikanguruma kama kawaida yake, kipira cha kupimia mtiririko kikaelea kwenye lita tano, na ethi yake ikawa nzuri kabisa. Kumbe chembe za zeolaiti ndani ya mitungi yake zimenyonya unyevu na haziwezi tena kuchuja naitrojeni. Mtoto anapulizwa hewa ya kawaida kwa mrija wa hospitali. Shirika la Afya Duniani linataka oksijeni inayotoka kwenye konsentreta isipungue asilimia 82, na kiasi hicho hakijulikani kwa kusikiliza wala kwa kutazama. Hupimwa kwa kipima oksijeni, kifaa kidogo cha kushika mkononi ambacho karakana nyingi hazina. Pampu ya dawa nayo hupimwa mtiririko wake kwa saa nzima ikibidi, kisha mrija unabanwa makusudi ili kusikia kama kengele italia na itachukua muda gani. Mashine ya kushtua moyo hupimwa jouli, yaani kiasi cha nishati, inazotoa kweli, si zile zilizoandikwa kwenye kitufe. Mashine ya kukatia kwa umeme thieta hupimwa wati zake, na kengele ya bamba la mgonjwa, lile linalorudisha umeme kutoka mwilini, hujaribiwa, kwa sababu bamba lisiposhika vizuri mgonjwa anaungua akiwa usingizini na kidonda kinaonekana akiamka.

Sasa naomba niseme juu ya mafundi wenyewe, maana usalama wetu nao uko mikononi mwenu.

Aliyenifundisha mashine ya kushtua moyo alinikalisha mbele ya moja ya zamani, gamba likiwa limeshafunguliwa. Akavua saa, akavua pete, akaniambia nami nivue. Mkono wake wa kushoto akauweka mgongoni. Ndani palikuwa na kapasita kubwa kama kopo. Akanifanyia hesabu kwenye kipande cha karatasi: kapasita ya mikrofaradi 32 ikijazwa volti 5,000 imebeba jouli 400. Kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau: haijali kama plagi imechomolewa. Akachukua fimbo ya plastiki yenye kikinzani kwenye ncha, akaunganisha vituo viwili vya kapasita, mshale wa mita ukashuka mpaka sifuri. Nikanyoosha mkono. Akanishika kiwiko. "Ngoja. Tazama."

Akaondoa ile fimbo. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mshale ukaanza kupanda wenyewe, polepole, kumi, ishirini, arobaini, ukapita volti sitini, na hapakuwa na waya wowote uliounganishwa na umeme. Kihami kilichomo ndani ya kapasita kilikuwa kimefyonza sehemu ya chaji na sasa kilikuwa kinairudisha. Ndipo akaniambia kwamba baada ya kuimaliza chaji unaacha waya umeunganisha vituo vyote viwili mpaka umalize kazi. Mkono mmoja unabaki mgongoni au mfukoni ili umeme ukikukamata usipite kifuani kutoka mkono hadi mkono. Na bisibisi si kifaa cha kumalizia chaji: cheche yake hurusha chuma kilichoyeyuka usoni na kuharibu kapasita yenyewe.

Mambo haya hayamo kwenye kitabu cha mtumiaji. Yamo kwenye kichwa cha mtu aliyefundishwa na mtu. Ninyi mnapompeleka fundi mpya karakana, leo anafunga taa, kesho mnamtuma peke yake usiku akafungue mashine kama ile kwa sababu kuna mgonjwa anaisubiri, mnamtuma kwenye kapasita hiyo hiyo. Eksirei huendeshwa kwa volti kati ya 40,000 na 150,000. Sumaku ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, haizimwi kwa swichi ya ukutani. Ile ya tesla 1.5 ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na iko hivyo usiku na mchana, hata jengo zima likiwa giza. Spana mfukoni mwa fundi asiyeambiwa ni risasi.

Kwa hiyo naomba iandikwe: hakuna anayefungua kifaa chenye volti kubwa akiwa peke yake. Wawe wawili, na wa pili ajue swichi kuu iko wapi na ajue kuukandamiza moyo wa mwenzake. Swichi ikizimwa kwa ajili ya matengenezo, ifungwe kwa kufuli na funguo ikae mfukoni mwa anayefanya kazi, ili asije mtu mwenye nia njema akaiwasha. Fundi ambaye hajafundishwa aina fulani ya mashine awe na haki ya kukataa kuifungua bila kuitwa mvivu.

Jingine ni fupi lakini linauma. Mashine za kunyonya huletwa karakana chupa zikiwa bado na vilivyonyonywa. Nimefungua pampu ya dawa nikakuta damu iliyokauka chini ya mlango wake. Kila kifaa kisafishwe na kutakaswa wodini kabla hakijatolewa, kiwe na karatasi inayosema kimetakaswa na nani na lini, na mafundi wapewe chanjo ya homa ya ini aina ya B kama mnavyowapa wauguzi. Sisi tunagusa vilevile wanavyogusa wao.

Nakuja kwenye fedha, maana najua mpaka hapa baadhi yenu mmeshajiuliza zitatoka wapi.

Utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika mazingira yenye uhaba wa rasilimali, ukakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine uliokuwa na Malkin huyo huyo ulichambua maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11. Asilimia 72 ya vifaa vilivyokuwa havifanyi kazi vilirudishwa kazini bila spea hata moja kuagizwa kutoka nje. Plagi, fyuzi, swichi, mirija iliyoziba, mota, betri. Ujuzi uliohitajika unafundishika. Maana yake ni kwamba fedha kubwa mnayoitafuta kununua mashine mpya, sehemu yake imekwisha kulala kwenye stoo zenu, ikisubiri mtu aliyefundishwa, multimita nzuri na muda.

Lakini nawasihi msiuchukue utafiti huo mkautumia kutuharakisha. Kifaa kinachotengenezeka kirahisi ndicho kinachorudishwa kirahisi bila kupimwa. Monita yangu ilikuwa fyuzi tu.

Tunachohitaji kwenye meza zetu ni kipima usalama wa umeme, kipima mashine za kushtua moyo, kipima pampu, kipima oksijeni, na vyote hivyo vipelekwe kuhakikiwa kila mwaka. Kipimo kisichohakikiwa kinatupa namba tu. Vinunuliwe pamoja na mashine, kwenye mkataba uleule. Na hapo kwenye mkataba ndipo mnapotuokoa au kutufunga mikono. Mashine inapofika bila kitabu cha matengenezo, bila nywila ya menyu ya fundi, bila mafunzo, bila orodha ya spea, mmenunua kifaa ambacho siku ya kwanza ya kuharibika kitakuwa samani. Fundi atatafuta kitabu cha mfano unaofanana, atakisia, ataunganisha. Kukisia huko mtakuita kulipua kazi, nami sitawalaumu mkisema hivyo, lakini aliyelipuliwa kwanza ni yeye. Kataeni kulipa sehemu ya mwisho ya bei mpaka vitu hivyo viwe vimekabidhiwa karakana na fundi ametia saini. Na kwa vifaa vya msaada, ulizeni maswali hayohayo kabla ya kupiga picha ya makabidhiano.

Watengenezaji watawaambia kwamba kutupa vitabu na nywila ni hatari kwa wagonjwa. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Mei 2018 FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, ilitoa ripoti kuhusu matengenezo ya vifaa tiba yanayofanywa na watu wasio watengenezaji. Ilisema ushahidi uliopo hautoshi kuhitimisha kwamba kuna tatizo la usalama lililoenea, na kwamba wengi wa watengenezaji na wengi wa hao wengine hufanya kazi bora na salama. Mimi naongeza kwa uzoefu wangu kwamba fundi mwenye kitabu sahihi ni salama kuliko fundi asiye nacho, na kwamba kutomnyima mtu kitabu hakumzuii mtengenezaji kumfundisha.

Nimebakiza lile la mamlaka, na ndilo gumu, kwa sababu halinunuliwi.

Simu ya karakana ikilia, swali huwa moja: "Bado tu?" Anayeuliza ana sababu. Ana mgonjwa mbele yake na kitanda hakina monita. Simlaumu hata kidogo. Lakini fundi aliyeulizwa "bado tu" mara nne ndani ya saa moja, akajua kwamba mara ya tano atakayepiga ni mkuu wake, ataruka kipimo. Ataanza kuruka kile cha mkondo wa kuvuja kwa sababu hakionekani. Hakuna atakayejua, na siku nyingi hakitatokea kitu. Hivyo ndivyo tunavyozoea. Nami nilizoea.

Mnaweza kuliondoa shinikizo hilo kwa mambo mawili. Wekeni akiba: monita moja au mbili, pampu kadhaa, zikiwa zimepimwa na kuandikwa tarehe, zitoke mara tu kilichoharibika kinapoingia, ili hakuna mgonjwa anayemsubiri fundi. Na tengenezeni lebo mbili tu, nyekundu na kijani. Yenye nyekundu haitoki, hata aje nani. Nyekundu hiyo aitoe fundi aliyeiweka au fundi mwenzake aliyerudia kipimo, asiitoe daktari, asiitoe mhasibu, na, kwa heshima zote, msiitoe ninyi. Fundi akikosea na kusema mwenyewe, kama sisi tulivyopaswa kusema siku ile ya plagi, asiadhibiwe kwa kusema. Tulinyamaza. Tulirekebisha waya, tukamshukuru muuguzi, hatukuandika popote. Kwa muda wote huo monita nyingine tisa za aina ileile zilikuwa wodini na hakuna aliyezifungua plagi zake, kwa sababu kuzifungua kungekuwa kukiri. Nilizifungua baadaye, moja moja, nikisingizia kuzisafisha. Mbili zilikuwa na waya wa ethi uliolegea.

Leo nikiandika, mezani kwangu kuna monita nyingine. Imeletwa asubuhi, haikuwa inawaka, sasa inawaka. Nimeipima: kutoka pini ya ethi hadi kwenye gamba, omu 1.8. Waya wake wa umeme unatakiwa kubadilishwa na stoo hakuna mwingine. Ombi la kununua nimeliandika na liko njiani kuja kwenye meza ya mmoja wenu. Nimeibandika lebo nyekundu niliyoikata mwenyewe kwenye jalada la zamani. Wodi imeshapiga simu mara mbili, nimewaambia haitoki. Naomba mkipigiwa ninyi, mseme hivyohivyo, na mtie saini lile ombi la waya.

Wenu katika kazi,

Fundi wa vifaa tiba